Mkono Uliofundishwa Kusimama

Asubuhi ile mbuzi alikuwa ameshalazwa, ameelekezwa kibla, na mimi nilikuwa nimeshasema bismillahi. Nikavuta kisu. Kabla sijafika mwisho wa kuvuta, kitu kikanichoma upande wa nje wa kiwiko, kikashuka hadi kwenye vidole, na vidole vikafunguka vyenyewe. Nilikibana kisu kwa kiganja, nikamalizia kwa kusukuma na bega. Kisu hakikuinuka. Niko tayari kuapa mbele ya yeyote kwamba hakikuinuka. Lakini nilipokwenda kunawa, jamaa anayenisaidia kuchuna akaniuliza kama nimekunywa chai, nikamjibu maneno ambayo hakustahili.

Watu wasioijua kazi hii hufikiri kuchinja ni nguvu. Si nguvu. Mnyama anachinjwa kwa mkato mmoja. Mkono unaweza kwenda na kurudi, ila kisu hakitoki shingoni mpaka njia ya hewa, njia ya chakula na mishipa miwili ya damu iwe imekatika. Ukikiinua kabla ya hapo, nyama imeingia shaka. Mtaani kwetu Nyamugari, hapa Gitega, akina mama wanapokea nyama bila kuuliza imechinjwa vipi, kwa sababu wanamjua aliyeishika shingo. Kwa miaka mingi aliyeishika alikuwa baba yangu. Siku moja alikuwa akimimina chai, akaona chai inamwagika kwenye sahani. Akaweka birika chini, akaniita, akanikabidhi visu vyote. Hakuna aliyemwambia aache. Kwake ilikuwa sheria: mkono usioaminika haushiki kisu cha watu, na hakuna cha kujadili.

Kwa hiyo nilijua ninachotakiwa kufanya, na sikutaka kukifanya. Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Ng'ombe wa mtaa alikuwa ameshatafutwa, na kila mtu alijua nitachinja mimi. Nikiweka visu chini ingekuwa ndiyo mwisho, maana kwetu visu havirudi kwa mtu aliyeviacha. Sikuwa na umri wa kukaa kwenye kiti karibu na baba, tukitazama wapita njia.

Nilivyojiumiza ni upumbavu mtupu. Nyuma ya karakana ya maseremala kuna uwanja ambako wanaume wa mtaa hukutana kupiga chuma. Chuma chenyewe ni bomba la maji lililochomekwa kila upande kwenye kopo la rangi lililojaa saruji, na makopo hayalingani, kwa hiyo upande mmoja huwa unakuonea. Mimi nilikuwa bingwa pale. Nilikuwa nikilitupa lile bomba juu kwa kiuno, kwa mgongo, karibu niseme kwa meno, na mikono ilikuwa inasindikiza tu. Watu wakishangilia, naomba waniongezee. Mwili ulivumilia mpaka siku ulipochoka kunivumilia.

Kwenye kituo cha afya waliniambia niupumzishe mkono, wakanipa vidonge. Vidonge nilimeza. Kazi nikamwachia shemeji yangu, ambaye anachinja upande wa pili wa mtaa, nikimdanganya kwamba nashughulika na kutafuta wanyama wa Idi. Mkono ukapumzika, ukapungua, na siku nilipoinua sufuria ya maji ukaniuma vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa kweli.

Mbuzi wetu wengi tunawafuata Muyinga. Safari hiyo nilipanda lori la wafanyabiashara kwa njia ya Karuzi, kisha kutoka mjini Muyinga nikachukua pikipiki mpaka Giteranyi, kwa mkulima mmoja tunayefanya naye biashara tangu arudi kutoka Tanzania. Yeye na mke wake walikulia kwenye kambi za wakimbizi huko, na Kiswahili chao kimenyooka mpaka sisi wa Gitega tunajisikia tunakokoteza chetu. Mume ni mpole. Mke ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na siku hiyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi akinitazama ninavyovuta kamba ya mbuzi kwa mkono wa kushoto.

“Kaka, huo mkono mwingine una nini?”

“Hauna kitu, mama. Mi iko nachoka tu.”

“Aliyechoka huchoka mikono yote miwili. Wewe mmoja unauficha.”

Nilikasirika. Sipendi kuchunguzwa, na kuchunguzwa na mke wa mtu mbele ya mbuzi ninaotaka kuwapunguzia bei ndiyo kabisa. Lakini alishaleta kigoda. Akaniambia nikishike ukingoni, kiganja kitazame chini, mkono uwe umenyooka, niinue. Kilikuwa kigoda cha kukalia mtoto. Kilinitoka mkononi kikaanguka kwenye samadi, na mume wake kwa heshima yake akageuka kuwaangalia mbuzi.

Ndipo mama yule akaniambia kwamba kule kambini alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, akiwasaidia waliovunjika na waliopooza. Hakuwa muuguzi, na alisema wazi kwamba si muuguzi. Alichojua ni mikono na miguu, na namna watu wanavyoidanganya.

“Kazi yako unayoifanya kwa mkono huo ni ipi hasa?”

Nikamwambia ni kuvuta. Kuvuta kamba za mbuzi. Sikumtajia kisu. Habari kule zinasafiri pamoja na mifugo: leo ziko Giteranyi, soko linalofuata ziko Nyamugari, na mimi sikuwa tayari watu wasikie kwamba mchinjaji wao ameangusha kigoda. Nikaona kamba na kisu vyote ni kuvuta, tofauti iko wapi.

Akachukua chupa ndogo ya mafuta ya kupikia, akaijaza mchanga, akanipa. Nilicheka. Hakucheka. Aliniweka mgongo ukutani, na kwa kuwa mimi si ndugu yake na asingenigusa, akachukua mpini wa jembe akakibana kiwiko changu kwenye mbavu.

“Kiwiko kisitoke hapa. Kiganja kisikunjike. Bega lisipande. Panda kwa kuhesabu nne, shuka kwa kuhesabu nne.”

Nikainua kama ninavyojua kuinua, na mpini ukanigonga kiwikoni.

“Hiyo umeitupa. Inua.”

Nilijaribu tena. Hamna kitu kigumu kama kushusha chupa ya mchanga polepole wakati mtu amekufungia milango yote ya kuibia. Kiuno hakisaidii, mgongo hausaidii, kila kitu kinabaki kwenye ule mkono mmoja mgonjwa. Kabla sijamaliza mara ya nane jasho lilikuwa linanidondoka puani. Kisha akafunga kamba shingoni mwa chupa, akaipitisha juu ya boriti ya zizi, akanionyesha kuvuta kuja kifuani. Katikati ya kuvuta nisimame kabisa, nihesabu moja, mbili, ndipo nimalizie.

“Ukisimama katikati, mwili hauwezi kuteleza. Hapo ndipo mkono unapona.”

“Uzito naongeza lini?”

“Siku utakayoacha kuniuliza.”

Nikarudi Gitega na mbuzi, na hasira, na chupa ndani ya mfuko wa plastiki.

Nilifanya alivyosema, lakini kwa siri. Nyuma ya bucha yangu kuna chumba cha kuwekea kamba na ndoo. Kila siku baada ya alasiri nilijifungia humo, mgongo ukutani, na chupa yangu. Mimi ambaye mabomba ya saruji yalikuwa yananijua kwa jina. Nikisikia sauti za wenzangu wakipita kwenda uwanjani kupiga chuma, niliishusha chupa sakafuni taratibu isije ikatoa mlio. Aibu ile ilinitesa kuliko maumivu.

Nilijifunza mambo ya ajabu kuhusu mwili wangu mwenyewe. Niligundua kwamba bega langu la kulia ni mwongo: likiona mzigo tu linapanda kuelekea sikioni. Kiganja nacho kilikuwa kinajikunja ili kuiba kidogo. Ikabidi niwe nawavizia wote kwa wakati mmoja. Moja, mbili, tatu, nne, kupanda. Moja, mbili, tatu, nne, kushuka. Kisha kamba: vuta, simama, moja, mbili, malizia. Siku nyingine hasira zilinipanda nikatamani kuitupa chupa ukutani, na siku mbili tatu nilijaribu kufanya haraka ili niondoke. Kiwiko kilinijibu palepale, nikaanza upya.

Baba hukaa kwenye kiti chake nje ya bucha, tasbihi mkononi. Siku moja nilipotoka aliniuliza bila kugeuka.

“We, kule ndani iko unahesabu nini?”

“Mbuzi, baba.”

“Mbuzi gani hao kila siku wanaishia nne?”

Nikasema wengine wako njiani. Akacheka kidogo kifuani, akaendelea na tasbihi yake. Nilidhani yameishia hapo.

Mkono ulikuwa unarudi. Maumivu ya asubuhi yaliondoka kwanza, kisha yale ya kufunga vifungo vya shati. Nikaanza kubeba sufuria. Siku niliyokiinua kiti cha mbao kwa mkono ulionyooka, kiganja kikitazama chini, nilikaa juu ya ndoo nikashukuru kwa sauti. Idi ilikuwa imebakiza wiki moja na kitu. Nikamwambia jamaa yangu wa kuchuna kwamba kesho nachinja mwenyewe.

Nilimchagua mbuzi wa kawaida, si mkubwa. Kisu nilikinoa mbali naye, kama inavyotakiwa. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali, pumzi ya mnyama inaonekana. Baba alikuwa upande wa pili wa uzio wa matete, kwenye kiti chake. Nikamlaza, nikamwelekeza, nikasema niliyopaswa kusema, nikavuta.

Na katikati ya kuvuta, mkono ukasimama.

Haukuuma. Haukutetemeka hata kidogo. Ulisimama imara, kiwiko kimekaa mbavuni, kiganja kimenyooka, na ndani ya kichwa changu nikasikia moja, mbili. Jicho la mbuzi lilikuwa wazi, chini ya mkono wangu wa kushoto. Halafu mkono ukamalizia kazi vizuri sana, kwa nguvu zote nilizozijenga.

Kisu hakikuinuka. Ukimuuliza mwenye elimu atakwambia nyama ni halali, na mimi najua ni halali. Lakini tumeamrishwa kumpumzisha mnyama haraka, na mimi nilikuwa nimemsimamisha kwenye mlango wa kifo nikamhesabia. Sikujisikia mchinjaji. Nilijisikia mtu mkatili.

Jamaa wa kuchuna hakuona, alikuwa ameshika miguu na ameangalia pembeni. Nyama ile sikuitundika bucha. Niliipeleka kwangu, tukaila sisi, na nilitafuna kama natafuna kamba. Asubuhi ileile nilipopita mbele ya baba, tasbihi ilikuwa imelala kwenye paja lake.

“Huyo mbuzi alikuwa na pumzi ndefu,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Hm.”

Siku zile zote hakuongeza neno, na mimi nikawa namkwepa, napita mlango wa nyuma wa bucha yangu mwenyewe. Mchinjaji aliyefanya kazi miaka yote ile hahitaji kuona. Kuna sauti ya pumzi inapokatika, na kama imekatika vipande viwili, anajua. Je, alijua? Kila alipofungua mdomo kuomba maji nilidhani anataka kuniomba visu.

Chumbani nilijaribu kuvuta bila kusimama. Nikivuta haraka, sawa. Nikivuta kwa mwendo wa kisu, ambao si wa haraka wala wa polepole, mkono ukifika palepale unatulia, unangoja ruhusa. Nilikuwa nimeufundisha mwenyewe, kila alasiri, kwa uaminifu ambao sijawahi kuuweka kwenye jambo lolote maishani. Ningekuwa mvivu nisingepatwa na hilo.

Ikabidi nirudi Giteranyi, na wiki hiyo esansi, mafuta ya magari, ilikuwa haipatikani. Magari yalikuwa yamepangwa barabarani yakingoja kituo kifunguliwe. Nilipata nafasi juu ya lori la viazi, na lilipoishiwa mafuta njiani nikaendelea kwa baiskeli za kukodi, nikiwa nimekaa nyuma kama mzigo, nikipigwa na vumbi, nikihesabu siku zilizobaki na kujilaani kwa kuhesabu.

Nilimkuta mama yule anapura maharage uani. Nikamwambia yote. Nikamwambia mi si mtu wa kamba, mi ni mchinjaji, na mkono unasimama shingoni mwa mnyama. Aliweka fimbo yake chini.

“Ulisema kamba.”

“Nilisema kamba, mama.”

“Basi nimekufundisha kamba. Mtu akivuta mbuzi mkaidi akasimama katikati, haanguki. Ungesema kisu, nisingekuwekea kituo hata siku moja. Ulimwogopa nani?”

Mume wake alikuwa karibu na nilitamani ardhi inimeze. Mama akaenda shambani, akarudi na kipande cha mgomba, akakilaza chini. Akanipa kijiti chepesi, laini, kirefu kama kisu changu. Akaniambia nikivute juu ya mgomba kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa ulaini uleule, kiwiko mbavuni, bega chini, bila kukandamiza na bila kusimama. Nikasimama. Akasema tena. Nikasimama tena. Nilifanya mpaka jua likapita utosini, na mara nyingine mkono ulipita, mara nyingine ukatulia palepale kwenye kituo chake.

“Bado unahesabu,” akasema. “Naona midomo. Ulimi wako upe kazi nyingine. Ukisema kitu kirefu, mkono hautapata mahali pa kuhesabia.”

“Siku hizi chache zinatosha?”

“Sijui. Nikikwambia zinatosha nitakuwa nakudanganya. Una mkono mzima sasa, kaka. Ila umezoea.”

Nilimshukuru, na nilikuwa namaanisha, ingawa safari nzima ya kurudi nilikuwa nanung'unika kama mtu aliyeibiwa. Nilipofika niliacha chupa. Nilitumia kijiti na kipande cha mgomba, asubuhi na alasiri. Mara kumi ulipita, ya kumi na moja ukasimama. Siku iliyofuata ulipita nikadhani imekwisha, jioni ukasimama mara mbili mfululizo. Usiombe hali ya namna hiyo. Mkono unaoshindwa kila mara, wewe unajua la kuufanya. Huu ulikuwa unanidanganya kwa matumaini.

Nikakata shauri: asubuhi ya Idi, kabla ya swala, nitamwambia baba, na visu nitampa shemeji. Nililala nikiwa nimeamua. Asubuhi baba akatoka na kanzu yake nyeupe, iliyopigwa pasi mpaka inakaa yenyewe, akanishika bega akaniambia twende tusije tukakosa nafasi mbele. Njiani watu walikuwa wengi, takbira zinapokezana, na mimi nikaitikia takbira badala ya kumwambia. Nilisali bila kujua nimesali nini. Baada ya hotuba watu walianza kukumbatiana na kuelekea kwenye uwanja alikofungwa ng'ombe. Shemeji alinipungia mkono kutoka mbali, kwamba anatangulia kupanga watu wa kumwangusha.

“Pita nyumbani kwanza,” baba akasema.

Uani kwake kulikuwa na kondoo wake wa Idi, dume ambaye alimlea mwenyewe tangu akiwa mdogo, akimlisha majani ya viazi kwa mkono. Kila mwaka mnyama wa baba huchinjwa mwisho, baada ya watu wote kupata chao. Ni adabu yake. Lakini pale nilikuta kamba, maji, na kisu changu kikubwa kimelazwa juu ya kitambaa safi. Alikuwa amekitoa bucha kabla hatujaenda kusali.

“Baba, wa kwako huwa wa mwisho.”

“Leo iko wa kwanza.”

“Baba, huu mkono —”

“Mi niko na masikio, mwanangu. Nilisikia yule mbuzi. Na kabla yake nilikusikia iko unahesabu kule ndani, mwezi mzima.”

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, itakuwaje ukisimama.

“Ukisimama, umesimama kwangu,” akasema. “Nitachukua visu, nitapeleka kwa shemeji yako, watu watakula nyama yao vizuri. Mi nitasema mwanangu ameshikwa na malaria. Ni Idi yangu tu itakuwa imeingia shaka, na mi na Mungu tutaelewana.”

Lazima mnielewe ni mtu gani aliyekuwa anasema hivyo. Baba yangu hajawahi kumwongopea mtu hata kuhusu uzito wa utumbo. Na mnyama wa Idi kwake si nyama, ni ibada yake ya mwaka mzima, na kwa umri wake hakuna aliyejua zimebaki Idi ngapi. Alikuwa anaiweka yote chini ya mkono wangu, ili kama ni kuharibika, iharibike ya kwake. Nilitaka kukataa. Nikamtazama, nikaona hakuna nafasi ya kukataa.

Tukamlaza kondoo. Hapakuwa na mtu mwingine, kwa hiyo baba akapiga magoti akashika miguu mwenyewe. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya zile kwato, yote miwili, na alizibana ili isionekane. Nikaweka kiwiko mbavuni. Nikashusha bega. Bismillahi, Allahu Akbar. Na badala ya kunyamaza kama kawaida yangu, nikaendelea kusema kwa sauti, ewe Mola hii imetoka kwako na ni yako, mpokelee baba yangu, mpokelee baba yangu, mpokelee baba yangu, na kisu kilikuwa kinakwenda. Nilikiona kinapita pale mahali. Nilipaona na kupaacha nyuma. Kondoo akatoa pumzi moja, akatulia.

Nilipoinua macho nilikuta baba hatazami shingo ya kondoo. Ananitazama mimi usoni, na nadhani alikuwa ananitazama hivyo tangu mwanzo. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akakaa chini palepale kwenye tope la damu, na kanzu yake nyeupe.

“Baba, kanzu.”

“Wacha kanzu,” akasema. “Nenda. Watu wanangoja.”

Nilikiosha kisu, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia anaanza takbira peke yake, pale chini alipokaa, sauti inamkatika katikati na kuendelea. Nililia njia nzima mpaka uwanjani, mtu mzima na kisu mkononi, na waliokutana nami wakanipisha. Ng'ombe alikuwa ameshaangushwa. Shemeji aliniuliza mzee yuko wapi, nikamwambia yuko nyumbani, anachuna kondoo wake.